Mwaka Tuliomsubiri Shija

Simu ya Kulwa ilinikuta nimekaa nyuma ya nyumba nachambua dagaa. Alisema, "Mamdogo, mama hayupo," nami nikamuuliza amekwenda wapi, kana kwamba Kiswahili nimekianza jana. Tulimzika kwao, Magu, katika mvua iliyokuwa ikija na kuacha, na baada ya kuzika nikakaa na wanawake nyuma ya jiko, sahani ya wali mapajani. Mbele yangu mama mmoja wa kitenge cha njano alikuwa akimweleza mwenzake, kwa ile sauti ya msibani ambayo watu hudhani haisikiki, "Huyu marehemu ndiye aliyezima hospitali nzima kule Mwanza. Unafika na ugonjwa wako, hata jina lako hawalioni." Mwenzake akauliza aliizimaje. "Kwa kamba tu, dada." Nilitaka kunyanyuka niwajibu pale pale. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Lakini msiba haukuwa wangu peke yangu, nikameza wali na maneno yangu pamoja. Nimerudi kwangu Buhongwa bado nimeyabeba, na nayaandika ili yanitoke.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza chuo, nimevuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba na sanduku moja, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye hospitali ya misheni iliyokaa juu ya mawe, ukingoni kabisa mwa maji. Walinikabidhi kwa fundi wao wa kompyuta, Mabula, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hospitali nzima ilimwita Baba Kulwa kwa sababu alikuwa na mapacha wa kike walioanza tu darasa la kwanza. Ofisi yetu zamani ilikuwa chumba cha watoto njiti. Tulipewa kwa kuwa nyaya zake za umeme zilikuwa imara na jua halikuingia, lakini ukutani kulikuwa bado na alama za vile vitanda vya kioo, na picha ya bata wa manjano ambayo hakuna mpaka rangi aliyekubali kuifuta. Palipokuwa na vitanda zilikaa seva mbili, moja kando ya nyingine, nazo Mabula alikuwa amezipa majina ya wanawe. Ya kushoto Kulwa, ya kulia Doto.

Kazi yao ilikuwa kutunza mafaili ya wagonjwa. Kulwa alifanya kazi na Doto alimwangalia. Muda wote zilitumiana ishara ndogo kupitia waya, na ishara hiyo mafundi duniani kote huiita mapigo ya moyo, sikuibuni mimi. Doto asiposikia mapigo ya Kulwa, huamini mwenzake amekufa. Kwanza humkatia umeme kabisa, asije akazinduka katikati ya kazi wakaanza kuandika wote wawili kwenye faili moja na kuliharibu, kisha hushika nafasi yake. Mashine zilizofungamana hivyo huitwa klasta. Siku ya kwanza Mabula aliponieleza hayo, ndani ya chumba kile, taa mbili za kijani zikiwaka na kuzimika mbele ya yule bata, nilimwomba tufungue mlango. Alicheka taratibu. "Nyie Wahaya mmesoma sana, halafu mnaogopa taa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba wawili hawatoshi. "Wawili wakiacha kusikilizana," alisema, "kila mmoja atasema mwenzake ndiye amekufa. Sasa nani ataamua? Lazima awepo wa tatu, asiye na kazi nyingine ila kushuhudia nani yu hai. Na huyo asilale nyumba moja nao." Nikamuuliza huyo wa tatu tutampa jina gani. Alinitazama kwa huruma, kama mgeni wa Usukumani nilivyokuwa. "Kwetu ukishapata mapacha, anayefuata jina lake linamsubiri. Huchagui. Kulwa, Doto, halafu Shija." Nilidhani anazungumzia mipango ya baadaye, na sikuendelea kuuliza. Nilishajua kwa wauguzi kwamba mwaka uliotangulia mimba ya mke wake iliharibika ikiwa kubwa, na mtoto yule ndiye angekuwa Shija. Niliona ni jina la kupita mbali nalo.

Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa na banda la chakula ndani ya uzio wa hospitali, nyuma ya maabara. Waliishi hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi. Kwa miezi ile ya kwanza banda lake ndilo lililokuwa nyumba yangu. Nilizoea ugali wa muhogo pale, mimi niliyelelewa kwa ndizi, na sato wa kukaanga aliyeletwa bado anarusha mkia, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga saa nne. Madaktari, wafagiaji na masista walikaa benchi moja wakisubiri zamu ya sahani, na Mama Kulwa aliwajibu wote bila kugeuka kutoka jikoni. Aliwahi kumwambia daktari bingwa, "Wewe subiri, hujafa," na daktari akasubiri. Mchana wadudu wa ziwani walipoinuka juu ya maji kwa wingi wao, weusi, wakasimama angani mithili ya moshi wa nyumba inayoungua, alifunika masufuria na sote tukanyamaza mpaka wapite. Nilikuwa na furaha mahali pale. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mengine yote ya mwaka ule watu huyakumbuka vizuri kuliko furaha hiyo.

Mabula alikufa ghafla. Asubuhi alilalamika kichwa, jioni tulikuwa tunatafuta mtu wa kumwambia mama yake. Alizikwa kwao, ng'ambo ya maji, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Kamanga, na nusu ya hospitali ilivuka kwenda kumzika. Tulikaa chini ya turubai la bluu lililofungwa ubavuni mwa nyumba ya mama yake, tukala, tukaimba, tukarudi na kivuko cha jioni. Wakati sisi tuko huko, umeme ulikatika hospitalini, jenereta ikagoma, na betri za seva zikaisha moja baada ya nyingine. Mtu pekee ambaye angejua la kufanya tulikuwa tumemfukia muda ule ule. Kulwa na Doto, ambao tangu nifike hawakuwahi kuzimika pamoja, walizimika siku ya maziko ya aliyewapa majina.

Umeme uliporudi niliwasha. Feni zilivuma, mistari ya Kiingereza cha mashine ikakimbia kwenye kioo, kisha ukabaki mstari mmoja usiosogea. Ulisema unamsubiri Shija. Nikahamia kwa Doto, na Doto naye alikuwa anamsubiri Shija. Nilizima nikawasha tena, nikabadilisha nyaya, nikasali. Mashine zote mbili zilikuwa nzima, zilionana, mapigo yao nilikuwa nayaona yakipita, lakini hazikukubali kufungua faili hata moja. Ziliketi tu kwenye chumba kile zikisubiri. Wauguzi walirudia makaratasi, na wagonjwa wa zamani waliambiwa waeleze upya dawa zao, wengi wakiwa hawazijui.

Sista Adela, mkuu wa hospitali, alimwita mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Injinia Fredi alikuwa kijana mchangamfu mwenye begi zuri. Aliposoma kioo alicheka, akatoka na kucheka kwake mpaka kwenye korido ambako watu walikuwa wamejazana, akawauliza, "Jamani, Shija ni nani huku? Mashine zinasema haziamki mpaka aje." Nilimwona muuguzi mmoja akifanya ishara ya msalaba, na mfagiaji akaweka ndoo chini polepole. Fredi alisema ni jina lililosahauliwa kwenye mipangilio, akalifuta kwa Kulwa kabla ya kulifuta kwa Doto, na hapo ndipo mapacha walipoacha kuelewana. Mchana mweupe, sote tumesimama mlangoni, hakuna aliyegusa kitu, Kulwa alizimika kwa mlio mdogo. Doto ndiye aliyemkatia umeme. Kulwa akajiwasha, akapumua kidogo, akamzima Doto. Ziliendelea hivyo, moja ikiua nyingine na nyingine ikifufuka kuilipizia, mpaka Fredi akachomoa waya wa ukutani. Alirudisha jina la Shija mahali pake, akasema marehemu alikuwa amefunga vitu kwa namna yake, akawahi ndege. Sista akakataza mtu yeyote kufuta chochote tena. "Faili zikiharibika, Koku, nitawaambia nini hawa watu?"

Leo ningefanya vinginevyo, na hata kijana ninayemfundisha kazi angefanya vinginevyo. Lakini mwaka ule Shija alikuwa ameshatoka kwenye mashine akaingia vinywani. Korido ilifanya hesabu yake. Shija ni mtoto aliyetoka kabla ya wakati. Baba amekufa ghafla. Mashine zilizobeba majina ya dada zake haziamki mpaka aje, nazo zimekaa kwenye chumba cha njiti. Basi mtoto yule hakutoka, alitolewa, na aliyemtoa anajulikana. Nilisikia hayo nyuma ya mlango wa chumba cha dawa, kwa sauti za watu niliowapenda. "Alimtoa Shija, akamtoa na mume. Sasa wanadai." Hakuna aliyesema neno kafara. Halikuhitaji kusemwa.

Benchi likaisha watu. Kwanza waliacha masista wadogo, kisha wauguzi, halafu hata wafagiaji wakaanza kuja na vibakuli kutoka nyumbani. Mama Kulwa aliendelea kupika kiasi kile kile kwa siku kadhaa, na jioni nilimwona akimwaga ugali mzima kwenye ndoo ya nguruwe wa misheni. Mapacha waliporudi shuleni waliachiwa dawati wakae peke yao. Mimi nilikula kwake kila siku, nikaongeza sahani, nikanenepa kwa hasira. Kisha Sista Adela akaniita ofisini, akazungumza nami kwa Kihaya, lugha aliyoitumia akiwa na jambo zito. Alisema hamtuhumu mama yule kwa lolote, lakini wafanyakazi wanaogopa kupita kwake, na hospitali haiwezi kuendeshwa na watu wanaozunguka njia. Mashine zisipoamka mpaka mwisho wa mwezi, itabidi Mama Kulwa ahame. "Na akihama," nikasema, "watasema nini, Sista?" Alijua watasema nini. Mwanamke aliyefukuzwa kwa maneno ya namna ile, huku kwetu, maneno hufika kabla yake kila anakokwenda, na kuna mahali yanapofika na mapanga.

Kwa hiyo nilianza kumtafuta Shija. Niliamini maneno ya Mabula kuliko ya Fredi: kama jina lipo kwenye mipangilio, mwenye jina yupo. Kila mashine ina anwani, na ipo amri ndogo ya kuiuliza anwani swali moja tu, upo? Nikaandika anwani ya Shija nikaiacha kompyuta yangu iulize. Iliuliza asubuhi nzima. Hakuna jibu, hakuna jibu, hakuna jibu, mstari chini ya mstari, na kando yangu Kulwa na Doto wakivuma. Kisha mchana, mlango wa maabara ulipobamizwa na upepo wa ziwani, jibu moja likaja. Moja tu. Nilisimama nikaangusha kiti. Lilikuwa limechelewa, na huko kuchelewa ndiko kulikonitoa jasho. Doto akijibu hujibu papo hapo, amekaa pembeni. Aliyejibu sasa alikuwa mbali.

Nilikaa na kioo kile siku zilizofuata mpaka nikajua tabia yake, na tabia yake sikuipenda. Shija alijibu upepo ukivuma. Maji yakitulia, kimya. Upepo ukipiga mabati, jibu moja, au mawili yakifuatana, halafu kimya tena. Nilitoka nje nikaangalia ziwa, nikaona mawe, maji, na wale wadudu wamesimama angani upande wa Kamanga. Nilikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba mashine haijibu kwa sababu ya upepo, na hofu ya kutosha kuisahau elimu hiyo. Nikaanza kufanya kazi mlango ukiwa wazi, na yule bata nikambandikia karatasi usoni.

Siku moja nikiwa peke yangu kwenye benchi, Mama Kulwa alikuja akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alikuwa amenyolewa nywele, amefunga kitambaa cheusi. Alisubiri nimalize samaki.

"Koku, wewe umesoma. Nikuulize kitu usinicheke."

"Siwezi kukucheka, dada."

"Kule kwa mama mkwe, chumbani kwake marehemu. Kumefungwa tangu tuzike, ufunguo anao shemeji yangu mkubwa, yuko machimboni. Lakini mle ndani kuna kitu kinapumua."

Nikaacha mkono hewani. "Kinapumuaje?"

"Hivi," akasema, akavuta na kutoa pumzi puani, ndefu, ya sauti moja. "Hakipumziki. Nililala upande wa pili wa ukuta siku zote za msiba. Mama mkwe naye anasikia, sema tumenyamaza wote wawili. Sasa nasikia mnayosema huku, nikajiuliza, au ni kweli nimefanya jambo bila kujua?"

Sitasahau uso wake alipouliza hivyo. Alikuwa anauliza kweli. Watu walikuwa wamesema mpaka yeye mwenyewe ameanza kujichunguza. Nikanawa mikono, nikaenda moja kwa moja kuchukua ngazi, nikapanda juu ya paa la hospitali. Kulikuwa na madishi kadhaa pale, nami siku zote nilidhani yote ni ya intaneti na yanatazama mjini. Moja, dogo, lilikuwa limeupa mji mgongo. Lilitazama maji, sawasawa upande wa Kamanga.

Tulivuka asubuhi iliyofuata, mimi na yeye. Mjane, hata akiruhusiwa kurudi kazini, hasafiri hivyo kabla matanga hayajaanuliwa, na wafanyakazi wawili wa hospitali waliokuwa kwenye kivuko walituona. Watu walimwachia nafasi upande mzima wa benchi. Ng'ambo tulimkuta mama mkwe wake, bibi mwembamba, akipepeta mpunga uani.

"Mwangaluka, mayu," Mama Kulwa alimsalimia akipiga goti, nami nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mmekuja kufanya nini na msiba haujaisha?"

Mama Kulwa alimweleza kwa Kisukuma, na bibi akanitazama muda mrefu, kisha akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye mlango wenye kufuli. Niliweka sikio. Ndani kulikuwa na pumzi, ndefu, isiyokatika, na kwa sekunde chache mimi msomi nilikuwa tayari kukimbia mpaka kivukoni. Kisha sikio langu likaizoea, likaijua. Ilikuwa feni ya kompyuta. Nikacheka kwa sauti kwenye mlango wa marehemu, na bibi akanikata jicho. Mabula alikuwa amefanya kile alichonifundisha: wa tatu asilale nyumba moja na wenzake. Alimlaza kwa mama yake, juu ya umeme wa jua, amsikilize Kulwa na Doto kutoka ng'ambo ya maji. Na alikuwa amezipanga hivi: zikizimika zote, zisianze tena mpaka zote tatu zimeonana, ili yeyote asijidai mzima kabla hajashuhudiwa. Kwa muda wote ule Shija alikuwa mzima, ndani ya chumba kilichofungwa, akiwaita wenzake, na hakuna aliyemsikia.

Nikazunguka ubavuni mwa nyumba, na pale nikaona sababu. Kulikuwa na mlingoti wa chuma, na juu yake dishi dogo, na mbele ya dishi lile, limekazwa kwa kamba kwenye mlingoti wenyewe, turubai la bluu la msiba.

"Nani alilifunga hapa, bibi?"

"Vijana. Ndiyo nguzo pekee iliyokuwa haitikisiki."

"Na hili dishi mlijua ni la nini?"

"La televisheni." Akanishangaa. "Nani anatazama televisheni msibani?"

Turubai lilikuwa limelowa umande na kuganda vumbi. Mawimbi ya dishi dogo hayakupita hapo. Upepo wa ziwani ulipoinua ukingo wake, Shija aliona hospitali kwa kitambo kidogo, akajibu, kisha turubai likashuka. Nikamweleza bibi kwamba inatosha kulisogeza. Alikataa. Kwa ukoo wao turubai la marehemu haliondolewi mpaka kaka yake mkubwa, yule aliye machimboni, afike waanue matanga. Sikumlaumu. Mama Kulwa hakubishana naye. Alisema, "Hatuliondoi, mama. Nalishika tu," akafungua kamba ile moja kwa mkono wake, akaushika ukingo wa turubai, akaurudisha pembeni ya dishi na kusimama nao juani. Nikampigia simu Sista Adela, nikamwomba aende kwenye chumba chetu anisomee kioo. Nilisikia viatu vyake vikipita korido, kisha pumzi yake.

"Sista, kumeandikwa nini?"

"Shija amejiunga," alisema. Baadaye kidogo, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Koku, zinafunguka. Majina ya wagonjwa yanakuja."

Nikamwambia Mama Kulwa. "Ameonekana?" akauliza, na nilipomjibu ameonekana alilia, machozi yanatiririka na yeye hajauachia ukingo wa turubai, mpaka bibi akaacha ungo wake, akaja kushika upande wa pili. Kamba tuliihamishia kwenye mpapai. Nilirudi na kivuko nikiwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyeshinda.

Sista aliitisha mkutano wa wafanyakazi, nikachora ubaoni ziwa, madishi mawili na turubai katikati. Walinisikiliza vizuri, wakaitikia kwa vichwa. Muuguzi mmoja, mtu mwema aliyenifundisha kukaanga furu, vile visamaki vya ziwani, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo alipofungua ile kamba ndipo zikaamka."

"Ndiyo."

"Saa ile ile."

"Saa ile ile."

"Na alifungua yeye, kwa mkono wake."

Nikasema ndiyo, kwa mkono wake, na nikaona chumba kizima kikitulia, kwa ule utulivu wa watu waliopata jibu. Nilianza upya kuhusu mawimbi na turubai. Nilikuwa nasema kweli tupu, na kwa kila neno la kweli niliwapa walichokitaka: mjane alivuka maji kabla ya wakati, akaenda nyumbani kwa marehemu, akafungua kamba, na ng'ambo huku Shija akaja. Hakuna aliyenibishia. Siku iliyofuata Sista alifuta amri yake ya kumhamisha, na Mama Kulwa akapika, nikakaa kwenye benchi kusubiri watu.

Hawakuja kula. Walichofanya ni kumwamkia. Watu wazima kuliko yeye walimpa shikamoo wakiinamisha macho, wafagiaji walitoka njiani apite, daktari bingwa alimwita mama. Muuguzi mmoja alimletea kuku, akamweka mlangoni, akaondoka bila kugonga. Alivumilia mpaka mwaka ulipoisha. Jioni ya mwisho tulikula pamoja na mapacha, sato na ugali, akaniambia, "Kuchukiwa nilikuwa nakuweza, Koku. Huku kuamkiwa sikuwezi." Akahamia Magu kwa ndugu zake, akauza mchele kando ya barabara kuu, na maneno yakamfuata kama nilivyojua yatamfuata. Mimi nilibaki na Kulwa na Doto miaka mingine mingi, nikapanda cheo. Kazi yangu yote imekuwa kuwaeleza watu kwa nini kitu hakiamki, na tangu mwaka ule sijawahi kuamini kwamba maelezo yakieleweka ndiyo yamekubalika.

Basi siku ile ya maziko, watu walipopungua, nilimtafuta Kulwa. Sasa ni mwalimu, mrefu kama baba yake, na sauti yake ndogo. Nilimkuta anaosha sahani peke yake, nikachukua kitambaa nikawa nazikausha, na nikamweleza yote, kwa sababu nilitambua kwamba katika miaka yote ya kutumiana salamu sikuwahi kumweleza. Alikuwa mtoto, kisha nikadhani mama yake amemwambia. Nikamwambia habari ya dishi, na ya nguzo isiyotikisika, na pumzi ya feni. Nikamwambia mimba ile iliharibika tu, zinaharibika, na mama yake hakufanya kitu chochote kwa mtu yeyote isipokuwa kushika turubai juani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono majini.

"Hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya."

Akaendelea kusugua sahani ile ile. "Mamdogo, mimi nilimsamehe. Nilipopata mtoto wangu wa kwanza nilikuja hapa, nikapiga magoti, nikamwambia mama, nimekusamehe. Kwa baba, kwa Shija, kwa zile mashine, yote."

Nikamuuliza mama yake alijibu nini.

"Aliniinua," alisema Kulwa. "Akasema, asante, mwanangu."